Mvumo Nyuma ya Blanketi Zangu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Linet amekuja. Hakupiga simu. Mjukuu anayekuja bila kupiga simu ana jambo.

Tena hakuja peke yake. Ameleta kijana mrefu wa Kegonga, Mkuria, nywele kama kamba ya kufungia mbuzi. Tony. Nikamuuliza, Tony nani? Akasema Tony Mirumbe. Haya, angalau ana jina la watu. Alinisalimia kwa mikono miwili, akainama. Wezi pia huinama.

Na mizigo! Gitaa la marehemu baba yake Linet, hilo nalijua, lile kavu lisilotaka stima, lina ufa ubavuni. Zeze kubwa la Kikuria la nyuzi nane, wanaliita iritungu, tumbo kama mtungi uliowambwa ngozi. Laptopu. Visanduku vya vitufe. Nyaya kama matumbo ya ng'ombe.

Wanataka stoo. Mahali ninapoivishia ndizi zangu! Ati mpaka warekodi nyimbo zao ziishe. "Magokoro, sauti ya mle ndani ni tamu aki," Linet anasema, akiniita nyanya kwa Kikisii chetu. Nyumba hii ina vyumba, sebule iko tupu. Stoo iko kando ya kaburi la baba yake. Kwa nini stoo?

Nimekubali. Lakini nimeona kucha zake. Mkono wa kulia ndefu, wa kushoto zimekatwa hadi nyama. Msichana niliyemlea mimi, wa Kisabato! Ni nani hukata kucha za mkono mmoja?

Jumatano, 9 Julai

Kuna mvumo.

Ulianza baada ya chai. Nilidhani nyuki, nikatazama paa. Hakuna. Nikadhani ni mashine ya kusaga unga ya jirani Levis, lakini upande ule stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Nikaziba masikio. Ukaingia kwa meza. Kikombe kinatetemeka peke yake!

Hauendi mbele, haurudi nyuma. Mtu akiimba hupumua. Huu haupumui. Na juu yake gitaa, kidole kimoja kimoja, kama kuku anayedonoa gizani. Na kuku hadonoi gizani.

Milka alikuja kuchukua ndizi. Ni Mjaluo, jirani yangu, tunasali pamoja, na mdomo wake hauna mlango. Alifika getini akaanza kuniita kwa lile jina la zamani, la kifungua mimba wangu, baba yake Linet. Akajiuma ulimi. Vizuri ajiume. Tangu tulipomzika nimeambia soko zima la Ndhiwa: mimi ni Mama Caren. Caren yuko hai, jina lake ndilo litumike.

"Min Caren, kwako kuna nini?"

Nikasema ni kazi ya kompyuta.

"Yawa! Watu wanasema umefuga jajuok. Wa usiku tunamjua, anakimbia uchi anagonga milango. Huyu wako ni wa mchana?"

Tumecheka sana. Alipoondoka niliacha kucheka.

Alhamisi, 10 Julai

Blanketi zangu!

Nimerudi sokoni nimekuta kitanda uchi. Zote ziko stoo, zimeanikwa ukutani kama ngozi za wanyama. Hata ile ya maua niliyopewa na kina mama wa Dorkasi! Ati zinanyonya mwangwi. Tangu lini blanketi ikanyonya kitu?

"Nyanya, tutazirudisha zikiwa safi," anasema Tony. Nikamuuliza, kwani sasa ni chafu? Akanyamaza. Mkuria akinyamaza, anafikiria njia nyingine.

Dirisha wamelifunga. Jua kali na wamejifungia. Mtu wa kazi safi hufungua dirisha.

Sabato, 12 Julai

Leo kanisani mzee wa kanisa Angwenyi alinisubiri mlangoni. Sauti ya chini, ile ya kuonyesha huruma.

"Dada Nyamusi, tunasikia mambo."

Nikamwambia, "Mzee, hayo masikio yako yanatafuta nini kwangu, na nyumba yako imejaa watu wa kusikiliza?"

Kina mama wakatazama viatu vyao. Milka alikohoa. Najua alikuwa anacheka.

Wajukuu wangu nitawagombeza mimi. Si Angwenyi. Huyo mtu simpendi tangu siku nyingi, na sikumbuki vizuri sababu.

Nyumbani nikamkalisha Linet. Nikasema, hebu niambie huo ni muziki gani. Akasema ni folk, ni kama nyimbo za wazee, lakini ya giza. Watu wa nje wanaiita acid folk.

Asidi! Asidi ni ya betri. Baba yako ilimwagikia mguu pale karakana yake Migori, akabaki na alama mpaka tunamzika. Mnaweka asidi kwa nyimbo za wazee?

Tony akaingilia. "Nyanya, si muziki wa kucheza. Ni wa kuketi na kitu kizito."

Nikamwambia kitu kizito hutuliwa chini. Mtu haketi nacho.

Akacheka, akaandika hayo maneno kwa simu yake. Sasa ameandika ya nini?

Ati kuna watu Nairobi wanaingoja hiyo albamu yao. Ikishatumwa, imetumwa. Haishikiki tena, ataisikia mtu wa Ulaya, mtu wa Japani. Nikauliza, na mtu wa Japani akiipata atafanyia nini? Wakatazamana. Hawa watoto wanatazamana sana.

Jumapili, 13 Julai

Linet ametapika nyuma ya jiko. Ati ni harufu ya omena. Omena alikula tangu hana meno!

Nimeingia stoo wakiwa wamekwenda kununua kredo ya simu. Sikupekua. Nilikuwa nafagia. Ndani ya mfuko wa gitaa nimekuta odowa, yale mawe laini ya kutafuna wanayouza sokoni, yana alama za meno. Mimi nimeuza karibu na mama wa odowa miaka mingi. Najua ni akina nani hununua.

Nimeirudisha palepale. Sijasema neno. Naangalia tu.

Jumanne, 15 Julai

Ukurasa huu nimeuanza mara tatu.

Nilikuwa nyuma ya stoo nachuma managu, mboga ya jioni. Nachuma polepole. Ni managu yangu, nitayachuma nitakavyo. Mvumo ulikuwa unaenda, ule ule. Halafu ukakatika. Nikamsikia Tony:

"Hebu irudishe kwa spidi yake ya kawaida nione mahali inaisha."

Ikaja sauti ya mwanamke. Analia kilio cha Kisii, kile chetu cha matanga. Nikasikiliza, nikasema moyoni, huyu mama analia vibaya. Kamasi zimemjaa. Anameza maneno. Kikisii chake lakini ni kizuri.

Halafu akasema: "Jembe nililoweka unichimbie nalo, nimekuchimbia mimi."

Hayo maneno ni yangu. Niliyatunga palepale kaburini, nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo. Hayamo kwa kilio cha mtu mwingine yeyote.

Ni mimi. Ule mvumo wote tangu wiki jana ni mimi. Wamenivuta nikawa mrefu kama uzi mpaka sijijui.

Managu yalimwagika. Kuku wamekula.

Jumatano, 16 Julai

Jana sikuingia. Leo nimeingia bila kubisha, kwani stoo ni ya nani?

Nikasema, "Zima."

Tony alizima kabla sijafunga mdomo. Linet akawa wa rangi ya jivu.

Nikawaambia yote. Nikawaambia mmeiba kilio changu. Kilio hulilia maiti, na hapa hakuna maiti. Nyinyi mnakipiga asubuhi, mnakipiga mchana, mnakula ugali kinalia! Mnamwita nani?

"Si ungeniuliza nikueleze, Magokoro."

"Ungeniuliza wewe!"

Halafu nikasema lililoniuma zaidi. Wamekata jina! Niliwasikia jana, kilio kinapanda, kinapanda, halafu kinarudi mwanzo. Jina liko wapi?

Tony akauliza, jina gani? Basi nikamfundisha. Kilio chetu si kelele. Kina njia. Unamtaja baba ya marehemu, unamtaja mama, unataja kazi yake, unataja hata aibu yake, kama alikuwa mlevi unasema. Mwisho unaita jina. Jina ndilo komeo. Kilio kisichofungwa hutoka nje kikatembea, kinabisha nyumba kwa nyumba kinauliza, ni wewe? Ni wewe? Mama yangu alinifundisha hivyo na mama yake alimfundisha. Pasta hataki kusikia. Pasta hakumlea mama yangu.

Linet alikuwa analia sasa. Akasema, "Magokoro, si sisi tulikata."

Akanipa simu. Ni picha ya video aliyochukua siku ile. Hema. Watu. Mimi chini, kitambaa kimeanguka, nywele nyeupe nje. Sikujua nilikuwa mzee hivyo. Nalia. Nafika kwa lile jembe. Navuta pumzi, kifua kinapanda, mdomo unafunguka — na mkono unanishika begani. Saa ya dhahabu. Ni Angwenyi, na maiki mkononi. "Dada, tusilie kama wasio na tumaini." Kwaya imesimama. Kwaya imeanza. Na mimi pale mdomo wazi, hakuna kinachotoka, wananiinua kama gunia.

Miaka mitatu! Miaka mitatu najua kwamba niliita. Ningeapa mbele ya chifu kwamba niliita.

"Ulikuwa hujafika kwa Mogire," Linet akasema.

Akalitaja hivyo tu. Kama mtu anayetaja duka. Na mimi nimeliandika. Basi, limeandikwa.

Sikuwapikia. Wamekula mkate.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemaliza kazi za Sabato mapema, nikamwita Linet jikoni tuchambue mchele. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka.

Nikamwambia, "Odowa huozesha meno."

Akaacha mchele. "Umejuaje?"

"Mimi si mtu wa Japani."

Akacheka, halafu akalia, halafu akasema. Ana mimba. Ya Tony. Si ya kwanza. Ile ya kwanza ilitoka Desemba, kule Migori, na hakumwambia mtu. Mimi nilimpigia simu Krismasi hiyo, akaniambia yuko sawa, ana homa kidogo tu! Nilimlaumu kwa kutokuja. Nilimlaumu sana.

Ati baada ya hapo hakuweza kulia. Machozi yalikataa. Akafungua ile video, akanisikiliza mimi nikilia, kila siku. Kilikuwa kifupi. Akakivuta kiwe kirefu, kisiishe haraka. Akaweka gitaa la baba yake juu. Ndivyo albamu ilivyoanza.

"Nilitaka mtu anililie, Magokoro."

Sasa mtu atagombezaje hapo? Nilimgombeza kidogo. Nilisema angenipigia simu ningekuja na ndizi na uji na ningelia mwenyewe, bila laptopu.

Lakini moyoni nilikuwa naona lile lingine. Kilio hakikufungwa. Kimetembea. Desemba kilibisha Migori. Na sasa wamekileta hapa, wamekifungia ndani ya blanketi zangu pamoja na yeye na tumbo lake!

Nikamwita Tony. Nikamwambia hiyo kitu haitumwi Nairobi bila jina. Akaruka. Akasema, "Nyanya, umalizie wewe! Uingie, tukupe palepale walipokukatiza, uite jina. Albamu ifungwe na hilo." Macho yake yalikuwa yanang'aa. Sijui kama ni kwa ajili ya Linet au ya albamu. Nitajua.

Linet akashika tumbo. "Na akiwa mvulana ni Mogire. Hiyo nimeshaamua."

Nilifurahi. Nilisema asante Mungu, asante Nyasae, kwetu mtu hatupwi, jina hurudi nyumbani. Nikaongeza maji ya chai.

Sabato, 19 Julai

Sikusikia mahubiri. Niliketi nikafikiria, na furaha ya jana ikageuka.

Jina moja. Linatakiwa na wawili.

Nikiliimba, kilio kimefungwa. Vizuri. Lakini ile kitu itapigwa milele. Mtoto atakuwa darasa la kwanza, anacheza mpira wa makaratasi, na mahali fulani mtu asiyemjua amebonyeza simu na mimi nalia, Mogire, Mogire, jembe, kaburi. Kila siku. Mtoto mzima analiliwa!

Nisipoliimba, kilio kinatoka nje bila komeo, sasa si Ndhiwa na Migori tu, ni dunia yote. Na mlango wa kwanza kitakaobisha ni wa hapo kilipolala, kwa Linet na tumbo lake.

Nilimwambia Milka chini ya mwembe — hapana, nje ya choo cha kanisa, ndipo hakuna watu. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Dada yangu, mpeni mtoto jina lingine."

Na Mogire abaki hapo chini ya migomba bila wa kumwinua? Watu wengine wanasahauliwa hivyo. Si wangu.

"Basi waambie wasiitume."

Nilifikiria hilo pia. Lakini nilimsikia Linet asubuhi akiwa jikoni, anaimba na ule mvumo kichwani mwake, anapiga vidole kwa meza. Ana rangi. Anakula. Ukimnyang'anya hicho, atashika nini?

Angwenyi alikuja kunisalimia. Mkono wake nikauacha hewani. Ule wenye saa. Ukae hapo na tumaini lake.

Jumapili, 20 Julai

Kesho wanaondoka. Kwa hivyo ni leo.

Wamenitengenezea mahali. Kiti changu cha jikoni katikati ya stoo, maiki imefunikwa soksi nyeusi, blanketi pande zote. Ile ya maua wameiweka mbele yangu niitazame. Nimejua ni ujanja. Linet ameketi mlangoni na gitaa. Gumba linashuka, kidole kinajibu, kama vile baba yake alivyokuwa anafanya akingoja chakula. Zile kucha ni za hilo. Nimeelewa. Hazinipendezi, lakini nimeelewa.

Mara ya kwanza nilikataa, nikasema koo limekauka. Wakaleta maji. Mara ya pili nikasema migomba inapiga kelele. Tony akatoka kwenda kutazama migomba! Mkuria huyu ni mvumilivu. Bado simwamini. Anamfunika Linet mabega akidhani sioni.

Linet akaninong'oneza, "Magokoro, ukitaka tuache, tuache." Na mkono uko tumboni, haujui uko hapo.

Nikasema nakwenda kutafuta miwani. Niko chumbani. Naandika.

Kuna jina lingine.

Nilimpa mwanangu mimi, siku za kwanza, kabla baba yake, mume wangu Omanga, na watu wake hawajakaa kumpa la ukoo. Nilimwitia akinyonya. Akiwa mkubwa, ana ndevu, akiumwa, nilimwita hilo na mlango umefungwa, naye alikuwa anaitika. Omanga alikufa halijui. Caren halijui. Kilio hakiulizi jina la kitambulisho. Kinataka lake tu. Hilo lingekifunga. Na Mogire lingebaki safi, la mtoto.

Lakini nikilitoa, limetoka. Mtu wa Nairobi atakuwa nalo. Mtu wa Japani. Angwenyi atalisikia kwa simu ya mtu! Na mimi nitabaki na nini cha kumwitia, siku nikienda pale migombani peke yangu?

Hata hapa sijaliandika. Nimeinua kalamu, nimeishusha.

Linet anaita. "Magokoro! Miwani umepata?"

Nimesema bado. Iko usoni.

Mlango wa stoo wameuacha wazi, na kile kisanduku kinawaka taa nyekundu ya kurekodi, naiona kutoka hapa. Wanadhani siioni. Wameanzisha mvumo tena, chini kabisa. Unapanda. Kikombe changu kimeanza kutetemeka. Sasa naijua njia yake: hapa ni baba yake, hapa ni karakana, hapa ni jembe. Hapa napumua. Umefika pale mkono uliponishika.

Umesimama. Unaningoja —